VAT na ushuru wa mazao: ipi ni ya serikali kuu, ipi ni ya halmashauri?

Msikilizaji wetu wa Puge anayenunua vocha ya simu ya shilingi 1,000 ameshalipa kodi, hata kama hakuna aliyemtajia. Akipakia mpunga kwenda Tabora, anaweza kusimamishwa kizuizini na kudaiwa fedha nyingine. Malipo haya mawili yana sheria tofauti na yanakwenda mifuko tofauti. Tunayaeleza hapa, kwa sababu asiyejua tofauti huishia kulipa asichodaiwa.

VAT inafanyaje kazi?

Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, ilianza Tanzania Bara Julai 1998 kwa asilimia 20, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo. Mwaka 2009 ilishushwa hadi asilimia 18, na hicho ndicho kiwango cha kawaida. Inakusanywa na TRA kwa ajili ya serikali kuu.

Tuchukue mfano wa bati. Kiwanda kinamuuzia mwenye duka la jumla kwa shilingi 20,000, kinaongeza VAT 3,600 na kuipeleka TRA. Mwenye duka anakuuzia wewe kwa 25,000 na kuongeza VAT 4,500. Hapeleki zote: anaondoa 3,600 aliyolipa kiwandani, anapeleka 900. TRA imepata 4,500, na zote zimetoka mfukoni mwako. Mfanyabiashara amekusanya tu.

Ukitaka kujua VAT iliyomo ndani ya bei, gawa bei kwa 118, kisha zidisha kwa 18. Kwenye vocha ya 1,000 ni kama shilingi 153.

Anayetoza ni mfanyabiashara aliyesajiliwa. Tangu Julai 2023, anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Duka dogo la kijijini ambalo halijasajiliwa haliruhusiwi kukuongezea VAT. Mazao ambayo hayajasindikwa, mbolea na viuatilifu vimesamehewa.

Na ushuru wa mazao?

Huu ni wa halmashauri. Kwa Puge, ni Halmashauri ya Wilaya ya Nzega. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara kama tumbaku na pamba. Huhesabiwa kwa bei ya shambani, na mlipaji ni mnunuzi, si mkulima.

Mwaka huohuo, anayesafirisha mazao chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine aliondolewa ushuru. Kwa hiyo mwenye magunia manane ya kilo 100 anayetoka Puge kwenda Tabora mjini ana kilo 800, na hadaiwi.

Kwingine wanafanyaje?

Zanzibar hutoza VAT yake, kiwango cha kawaida kikiwa asilimia 15, kwa kuwa kodi hii haimo katika mambo ya Muungano. Kanada nako kuna ngazi mbili. Serikali kuu hutoza asilimia 5 nchi nzima, kisha kila jimbo huamua lake: Alberta haliongezi kitu, British Columbia huongeza 7, na Ontario mnunuzi hulipa 13 kwa jumla. Tena bei iliyobandikwa dukani huko kwa kawaida haina kodi; mnunuzi huikuta anapolipa.

Kwa nini udai risiti?

Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita Unyamwezi ikilipa hongo, kwa vitambaa, shanga na waya, kila ilipoingia nchi ya mtemi mwingine. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru wa njia. Leo neno hilo lina maana ya rushwa, na fedha inayotolewa kizuizini bila risiti inaweza kuwa hiyohiyo.

Dukani, dai risiti ya EFD. Kizuizini, dai risiti ya mashine ya halmashauri, usome kiasi, aina ya zao na uzito kabla ya kuondoka. Ukitozwa kwa mzigo wa chini ya tani moja, itunze risiti hiyo na uipeleke kwa mtendaji wa kata au ofisi ya mapato ya halmashauri. Bila risiti, utabaki na maneno matupu.