Ufufuo Mbele ya Mashaka: Jibu la Ukristo kwa Maswali ya Matangani

Mashaka ya Mkristo wa kawaida katika Kaunti ya Busia huzaliwa matangani zaidi kuliko darasani. Nambale, Matayos, Butula, Amagoro na Malaba ni maeneo ambayo Wakhayo, Wamarachi, Wateso na majirani zao huzika wafu wao nyumbani, ndani ya boma, mbele ya ukoo mzima na jamaa waliovuka mpaka kutoka Tororo au Busia ya upande wa Uganda. Na kwa kuwa wengi wao ni Waanglikana, Wakatoliki au Wapentekoste, kaburi lililochimbwa na vijana wa kijiji ndilo linalosomewa ibada ya Kikristo. Hapo ndipo maswali matatu huibuka, mengine yakisemwa waziwazi na mengine yakimezwa kwa kumheshimu mchungaji: je, kuna mfu aliyewahi kweli kulishinda kaburi? Je, mababu waliokufa kabla Injili haijafika wana nafasi gani mbele ya Mungu? Na je, Mungu anaona mwema anapouawa huku mwovu akiendelea kustawi?

Hoja ya makala haya ni kwamba maswali hayo yote yana jibu moja, nalo ni ufufuo wa Yesu Kristo, kwa sababu tukio hilo linagusa historia, linagusa mwili wa binadamu na linagusa haki kwa wakati mmoja. Jibu hilo halimnyamazishi mwenye shaka, bali linampa mahali pa kulipeleka swali lake.

Ufufuo ni nini

Ufufuo hauna budi kutofautishwa na mambo mawili yanayofanana nao. La kwanza ni kutokufa kwa roho, yaani fikra iliyopendwa na wanafalsafa wa Kiyunani wa mkondo wa Plato, kwamba mwili ni kifungo na kwamba mauti humweka mtu huru. La pili ni kuhuishwa kwa muda, kama ilivyokuwa kwa Lazaro wa Bethania, ambaye Injili ya Yohana inasimulia kwamba alitoka kaburini akiwa bado amefungwa sanda, lakini ambaye hakuepushwa na kifo cha baadaye. Ufufuo ni jambo tofauti na haya mawili: ni tendo la Mungu la kumrudishia uhai mtu mzima, akiwa na mwili wake, lakini mwili uliogeuzwa, usioweza tena kuugua wala kuoza.

Wayahudi wengi wa karne ya kwanza, hasa Mafarisayo, waliutarajia ufufuo wa namna hiyo mwishoni mwa dunia, huku Masadukayo wakiukana kabisa. Jambo jipya walilotangaza mitume ni kwamba ufufuo ulikuwa umekwisha kumfikia mtu mmoja katikati ya historia, chini ya liwali Mrumi anayejulikana kwa jina, na kwamba yaliyompata yeye ndiyo yatakayowapata walio wake. Ndiyo maana Kanuni ya Imani ya Mitume, ambayo ni muhtasari wa kale wa mafundisho unaokaririwa hadi leo makanisani, haiishii kwenye uzima wa roho bali inautaja mwili.

Shaka la kwanza: je, ni kweli?

Ushahidi wa zamani zaidi ulioandikwa kuhusu ufufuo umo katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, ulioandikwa Efeso katikati ya miaka ya 50 ya karne ya kwanza, yaani takriban miaka 25 baada ya Yesu kusulubiwa. Paulo anasema wazi kwamba habari hiyo hakuitunga, bali aliipokea kwa waliomtangulia, kisha anaorodhesha waliotokewa: Petro, wale Kumi na Wawili, kundi la ndugu zaidi ya 500, Yakobo, mitume wote na mwisho yeye mwenyewe. Anaongeza kwamba wengi wa lile kundi walikuwa bado hai alipokuwa akiandika, kauli ambayo mtu asingeithubutu mbele ya wasomaji wanaoweza kusafiri kwenda kuuliza, kama hakuwa na hakika ya majibu watakayopewa.

Mambo mengine mawili huwapa wanahistoria kazi kubwa ya kufikiri. Injili zote nne zinawataja wanawake kuwa ndio wa kwanza kulikuta kaburi likiwa tupu, ilhali katika jamii ya Kiyahudi ya wakati huo ushahidi wa mwanamke haukupewa uzito mahakamani. Mtu anayebuni hadithi ili aaminiwe hachagui mashahidi ambao neno lao litatiliwa shaka. Vilevile Yakobo, ndugu wa Yesu, na Paulo, mtesi wa kanisa, hawakuwa wafuasi waliojawa na huzuni na matumaini, kwani mmoja alikuwa amebaki nje ya kundi na mwingine alikuwa adui, lakini wote wawili waliishia kuwa viongozi.

Mwanafalsafa David Hume wa Scotland alisema mwaka 1748 kwamba hakuna ushahidi wa muujiza unaoweza kuuzidi uzoefu wa kila siku wa binadamu, ambao unaonyesha kwamba wafu hawarudi. Hoja hiyo ni nzito, nayo isipuuzwe. Hata hivyo, Wakristo wa kwanza walijua vizuri sana kwamba wafu hawarudi, maana waliwazika wao wenyewe kwa mikono yao, na madai yao hayakuwa kwamba maumbile hufanya hivyo mara kwa mara, bali kwamba Mungu aliyeyaumba maumbile alitenda mara moja jambo ambalo maumbile hayawezi kulitenda. N. T. Wright, mwanahistoria na askofu Mwanglikana wa Uingereza, alionyesha katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2003 kwamba kaburi tupu peke yake lingeweza kudhaniwa kuwa ni wizi, na kutokewa peke yake kungeweza kudhaniwa kuwa ni maono, lakini mambo hayo mawili yakiunganishwa ndiyo yanayoeleza kwa nini Wayahudi waliomwabudu Mungu mmoja walianza ghafla kumtangaza mtu aliyesulubiwa kuwa Bwana.

Historia haiwezi kuuthibitisha ufufuo kama hesabu inavyothibitishwa, na wala Biblia haidai hivyo. Injili ya Mathayo inakiri kwamba hata mlimani Galilaya, mbele ya Yesu mfufuka, baadhi ya wanafunzi waliona shaka, na bado wakapewa kazi ya kwenda ulimwenguni pamoja na wenzao. Tomaso, aliyekataa kuamini mpaka aguse majeraha, hakufukuzwa kundini. Alibaki na wenzake wiki nzima na shaka lake, kisha akaonyeshwa alichokitaka.

Shaka la pili: mababu na mwili uliooza

Swali la mababu ni zito kwa watu ambao mila zao zimewaweka wafu karibu na walio hai. Miongoni mwa Waluhya, mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na wazee waliendelea kuitambua misambwa, yaani roho za wahenga zinazoaminika kufuatilia mambo ya jamaa zao. John Mbiti, kasisi Mwanglikana mzaliwa wa Kitui na mmoja wa wanateolojia mashuhuri wa Afrika, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina huhesabiwa kuwa bado yu hai kwa namna fulani, naye akaiweka hali hiyo katika wakati aliouita Sasa. Lakini anapokufa mtu wa mwisho aliyemkumbuka, marehemu huyo huzama katika Zamani, wakati wa mbali ambao majina hupotelea humo. Wasomi wengine wamepinga baadhi ya hoja zake kuhusu wakati, lakini hofu aliyoitaja ni ya kweli: uhai unaotegemea kumbukumbu za wajukuu hauwezi kudumu zaidi ya wajukuu wenyewe.

Imani ya ufufuo inaigusa hofu hiyo moja kwa moja, kwa sababu inauweka uhai wa marehemu mikononi mwa Mungu asiyesahau jina. Padri Charles Nyamiti wa Tanzania alipoandika mwaka 1984 kuhusu Kristo kama mhenga, alionyesha kwamba undugu kati ya walio hai na waliokufa hauvunjwi na Ukristo, bali unapata kiungo kipya kwa Kristo aliye hai. Ama kuhusu waliokufa bila kusikia Injili, madhehebu hayajakubaliana katika kila jambo, lakini Kanuni ya Imani yenyewe inatamka kwamba Kristo alishuka kuzimu, na Waraka wa Kwanza wa Petro unasema kwamba Injili ilihubiriwa hata kwa wafu. Mkristo hana ruhusa ya kutangaza hukumu juu ya babu yake. Ana sababu ya kumkabidhi kwa Yule aliyefika mpaka huko aliko.

Na mwili je? Mtu aliyezama katika Ziwa Victoria asipatikane, au aliyeoza karne nyingi zilizopita, atafufuliwaje? Swali hilo lilimshughulisha Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya tano, na kabla yake lilijibiwa na Paulo kwa mfano wa mbegu. Mkulima wa Nambale anayetawanya wimbi shambani hategemei kuiona tena punje ile ile aliyoirusha, bali anategemea mmea wenye suke, ulio mwendelezo wa punje hiyo ingawa haufanani nayo kwa sura.

Ibada ya maziko imejengwa juu ya tumaini hilo. Kwaya inapomaliza wimbo na jeneza likateremshwa kwa kamba, kasisi huchota udongo kwenye lundo lililo ukingoni, huku vijana wenye majembe wakingoja kufukia, naye huunyunyiza juu ya mfuniko wa jeneza akimtaja marehemu kwa jina. Maneno ya ibada yanakiri bila kuficha kwamba mwili unarudi mavumbini, na papo hapo yanataja tumaini la hakika la kufufuliwa. Mfiwa anaruhusiwa kulia kwa sababu kifo ni adui kweli, na anaruhusiwa kutumaini kwa sababu adui huyo amekwisha kushindwa mara moja.

Shaka la tatu: je, Mungu anaona?

Msalaba ulikuwa hukumu ya mahakama. Pontio Pilato alimhukumu Yesu akijua hana hatia, na askari wakaitekeleza hukumu hiyo kwa mujibu wa sheria ya dola. Kwa mtazamo wa mitume, ufufuo ni rufaa iliyosikilizwa na Mungu mwenyewe: dola ilimtangaza kuwa mhalifu, naye Mungu, kwa kumfufua, akamtangaza kuwa mwenye haki. Jambo hili limewatia nguvu Wakristo wa mpakani katika nyakati za giza.

Tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, ambaye kwao ni Tororo, ng'ambo tu ya Malaba. Serikali ilidai kwamba watatu hao walikufa katika ajali ya gari, ikakataa kuutoa mwili wa askofu na badala yake ikaupeleka kijijini kwake Mucwini, karibu na Kitgum. Katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kando ya lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885 baada ya kupitia Mumias. Maelfu ya waumini walikusanyika Jumapili iliyofuata wakasimama mbele ya shimo lisilo na mwili, na kaburi hilo tupu likawakumbusha lile la Pasaka. Leo tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko ya kitaifa nchini Uganda.

Miaka 13 baadaye jaribu lilifika Busia yenyewe. Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Eldoret alikuwa akiikosoa serikali ya Kenya kuhusu ufisadi na unyakuzi wa ardhi, na mwezi Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Peter Okondo, aliyekuwa mwanasiasa wa Busia, alimwonya hadharani kwamba akikanyaga wilaya hiyo huenda asitoke akiwa hai. Muge alikwenda Busia tarehe 14 Agosti, akapokewa kwa shangwe, na alipokuwa njiani kurudi Eldoret gari lake likagongana na lori karibu na Kipkaren, akafariki papo hapo. Waziri alijiuzulu siku chache baadaye, na mjadala kuhusu kifo hicho haujaisha nchini Kenya. Imani ya ufufuo haikumkinga Muge na kifo, kama ambavyo haikumkinga Luwum, lakini ilikiondolea kitisho uwezo wa kumwamuru mtu mahali pa kwenda na neno la kusema. Na kwa wanaosubiri haki ambayo mahakama za dunia hazijaitoa, inasema kwamba faili haijafungwa.

Jibu la kweli na jibu la uongo

Ufufuo unaweza pia kupotoshwa. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu wanaoaminika kuwa walielekezwa kufunga chakula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mafundisho ya namna hiyo yanaudharau mwili, ilhali ufufuo unauheshimu kiasi kwamba Mungu hakubali upotee. Wamisionari na Wakristo wa Busia waliojenga hospitali kama ile ya Nangina, na kinamama wa makanisa waliowauguza wagonjwa wa Ukimwi nyumbani wakati wengine walipowakimbia, waliielewa imani hii vizuri zaidi kuliko mhubiri yeyote anayeharakisha kifo, kwa kuwa mwili utakaofufuliwa unastahili kulishwa, kutibiwa na kulindwa leo.

Kwa sababu hiyo Dayosisi za Kianglikana za Nambale na Katakwa, parokia za Kikatoliki na makanisa ya Kipentekoste ya mpakani yana wajibu wa kulifundisha jambo hili mwaka mzima, katika madarasa ya kipaimara na vikundi vya vijana, kwa kuwa mchungaji anayeliacha hadi siku ya maziko hukuta shaka limekwisha kuota mizizi. Paulo aliwaandikia Wakorintho bila kuzunguka kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri ni bure na imani ni bure. Imani iliyokubali kupimwa kwa kipimo kizito namna hiyo tangu siku zake za kwanza haina sababu yoyote ya kuyaogopa maswali ya waumini wake.