Tunza Viungo vya Maksai Wako

Ndugu mkulima, mvua ya mwezi wa Machi ikianza, shamba halimngoji mtu. Maksai mmoja akichechemea siku hiyo, jozi nzima husimama, na mwenyewe hulazimika kukodi ng'ombe wa jirani ambaye naye ana shamba lake la kulima. Alimaye mwisho hupanda mwisho, na wakati wa kuvuna ghala humwonyesha hasara yake. Kwa hiyo tuzungumze habari za magoti, vifundo na nyonga za mnyama anayekulimia.

Siku hizi huuzwa poda za viungo zilizotengenezwa kwa ajili ya farasi wa kazi na wa mashindano. Ndani yake aghalabu mna glukosamini, inayopatikana katika magamba ya kamba na kaa, na kondroitini, itokayo katika gegedu za wanyama. Gegedu ni ile nyama nyeupe, ngumu na yenye kuteleza, unayoiona mwishoni mwa mfupa ng'ombe anapochinjwa. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisagane na mwenziwe.

Yafikiriwa kwamba mnyama akila vitu vya gegedu, gegedu yake itapona. Hata kwa farasi jambo hili halijathibitishwa vizuri. Kwa ng'ombe mashaka ni makubwa zaidi, maana ng'ombe hucheua. Tumbo lake la kwanza limejaa vijidudu vinavyosaga chakula, na vijidudu hivyo huivunja glukosamini kabla haijafika katika damu. Anayemlisha maksai poda hiyo anavilisha vijidudu kwa bei ya farasi.

Basi ni nini kinachofaa? Yako mambo manne.

1. Madini ya mifupa. Udongo wa Butula na wa sehemu nyingi za Busia una asidi na upungufu wa fosforasi. Nyasi haziwezi kumpa mnyama kitu ambacho udongo hauna. Fosforasi na kalisi ndizo zinazoufanya mfupa kuwa mgumu. Zikipungua, ng'ombe hutembea kama mzee, miguu imekakamaa. Alama nyingine ni kutafuna mifupa, matambara, mawe au udongo. Ukiona hivyo, usimchape, anatafuta anachokikosa.

Mpe chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ng'ombe. Kabla ya kununua soma karatasi ya mfuko, uone kama fosforasi imetajwa na ni kiasi gani. Chumvi ya jikoni peke yake haina fosforasi. Magadi nayo hayawezi kushika nafasi yake. Tena yana floridi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa yenyewe. Wala usisage mifupa uliyookota malishoni, kwa sababu yaweza kuleta kimeta. Weka chumvi katika kihori chenye paa, mvua isiiyeyushe.

Msaada mwingine uko shambani mwako. Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi. Desmodiamu, ile ile tunayoipanda kati ya mistari ya mahindi ili kuzuia kayongo, ina kalisi na protini. Anza kumlisha maksai wako vitu hivi mapema, miezi miwili kabla ya kulima. Usingoje mpaka siku ya kumfunga nira.

2. Umri. Dume mchanga aweza kuonekana mkubwa na hali ncha za mifupa yake bado zinakua. Mfundishe akiwa na miaka miwili hadi mitatu, kwa kuvuta gogo jepesi. Kazi nzito ya plau ingoje mpaka afike kama miaka minne. Kiungo kilichopindwa utotoni hakinyooshwi na dawa.

3. Kipimo cha mzigo. Chukua hesabu hii. Ng'ombe aweza kuvuta kwa saa nyingi nguvu iliyo kama sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Maksai wawili wa kienyeji wenye kilo 300 kila mmoja wana kilo 600, basi nguvu yao ni kama kilo 60. Plau katika udongo mzito yaweza kutaka kilo 100 au zaidi. Ndiyo sababu wazee wetu hufunga wanne: kilo 1,200, nguvu kilo 120. Ukiwafunga wawili kwa kazi ya wanne, kinacholipa tofauti ni magoti yao. Lima kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano asubuhi, kisha wapumzike kivulini wanywe maji. Na ukiwakodisha, patana na mwenzako juu ya saa pia, si juu ya ekari tu.

4. Kwato na nira. Kwato zikirefuka mbele, mnyama hukanyaga kwa kisigino na kifundo huvutika kila hatua. Zikatwe na mtu anayejua. Funga pamoja wanyama wa kimo kimoja, maana nira iliyoinama humtesa mmoja kwa ajili ya mwingine. Mahali pao pa kulala pawe pakavu, pasiwe na mawe.

Jambo la mwisho ni hili: si kila kuchechemea ni uchovu. Akichechemea huku anatoa mate mengi na ana vidonda mdomoni au katikati ya kwato, huenda ni ugonjwa wa midomo na miguu. Usimtoe bomani, piga ripoti upesi. Akipata homa na maumivu yakahama mguu hadi mguu, yaweza kuwa homa ya siku tatu. Mpumzishe, na hata akipata nafuu usiharakishe kumrudisha kwenye plau. Goti likivimba kama mfuko wa maji, usilitoboe. Uvimbe huo huweza kutokana na kulala juu ya mawe, lakini pia huweza kuwa ni brusela, ugonjwa unaowaambukiza watu. Mwite afisa wa mifugo, na nyumbani chemsheni maziwa yote.

Wakulima wa skimu za nchi ya juu, kama Lugari, msidhani udongo wenu ni sawa na wa kwetu Butula. Ulizeni ofisi ya kilimo iliyo karibu mpimiwe udongo, mjue upungufu wake. Na fedha ulizotaka kununulia kopo la poda, nunua mfuko wa chumvi ya madini. Fanya hivyo sasa, kabla ya mvua.