Sungura wa Nyumbani na Haki Zake
Mkazi wa Bugarama, jirani ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, atamaniye kumfuga sungura si kwa kitoweo bali kwa uswahiba, hana budi kufahamu kwamba mnyama huyu, ambaye asili yake ni Hispania, hudhuriwa na joto upesi kuliko baridi, kwa kuwa hupoza damu yake kwa masikio. Basi kizimba chake na kiwe kivulini, penye hewa. Meno yake hukua maisha yote, nayo hupunguzwa kwa kutafuna, ndiyo sababu majani makavu yakawa riziki yake kuu. Wala asiinuliwe kwa masikio, maana huo ni udhalimu, bali apakatwe. Akitunzwa vema aweza kuishi miaka 8 na zaidi, naye amtwaaye amepokea amana.