Sabinyo: mlima mmoja, bei tatu

Hapa Birere kila kitu kiko na bei: misumari, vitenge, hata kuvunja dola moja kupata franka. Lakini kuko watu ng'ambo wenye kulipa ili wapelekwe porini kutafuta mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumkamata.

Marekani wanamwita Bigfoot, ni kusema mguu mkubwa. Anaelezwa kama mtu mrefu, manyoya mwili muzima. Filamu yake inayojulikana zaidi ilipigwa California mwaka 1967, na haifiki hata dakika mbili. Mpaka leo hakuna mfupa, hakuna maiti. Hata hivyo kuko vikundi vinavyopanga safari za mwisho wa juma: unalipa dola mia kadhaa, halafu mafuta ya gari, hema na chakula ni juu yako. Ukirudi bila kuona kitu, makuta hairudi.

Tusicheke mbio, na sisi tuko na wetu. Mswisi Charles Cordier, aliyekuwa akikamata wanyama wazima kwa ajili ya zoo za ng'ambo, alifuata katika misitu ya Kivu habari za kakundakari na kikomba, watu wa manyoya. Alizichapisha miaka ya 1960. Hakukamata hata mmoja.

Ila mara moja moja hadithi inatoka kweli. Tarehe 17 Oktoba 1902, afisa Mjerumani Robert von Beringe, akipanda Sabinyo, alipiga risasi wanyama wawili ambao wasomi wa Ulaya hawakuwajua. Ndio gorila wa milimani. Wakaaji wa kando ya milima ile, wao, walikuwa wanamjua tangu zamani.

Leo huyo ndiye mwenye bei. Mgeni kutoka mbali analipa dola 1500 upande wa Rwanda tangu 2017, dola 800 Uganda tangu 2024. Kwetu Virunga ilikuwa dola 400. Ni saa moja tu ya kumtazama. Kundi la wageni 8 Rwanda: dola 12,000 kwa saa! Mama anayevuka Petite Barrière na kubaki na faida ya dola 5 kwa siku, atahitaji siku 300 juu ya tiketi moja kama hiyo.

Bei iko juu kwa sababu gorila hawa ni kidogo, wanapita 1000 kidogo tu duniani, na mafua ya mtu yanaweza kuwaua. Kwa hiyo wageni wanapunguzwa, bei inapanda. Tena walinzi lazima walipwe, na Virunga peke yake imezika walinzi zaidi ya 200.

Mwaka 2018 mbuga ilifunga ziara kisha mlinzi mmoja kuuawa na Waingereza wawili kutekwa. Ilifungua tena 2019, korona ikafunga 2020, halafu vita ikarudi Rutshuru, pale pale gorila wanaishi. Zile dola 400, pamoja na za hoteli, za dereva na za muuza mayai wa Goma, zikahamia ng'ambo ya volkano. Gorila nao wanavuka mpaka bila kuonyesha karatasi.

Kileleni mwa Sabinyo, inchi tatu zinakutana.