Kani Zilizosawazika na Zisizosawazika: Maelezo kwa Mfano wa Mlima Hanang

Maneno matatu ya Kiswahili, nguvu, kani na nishati, aghalabu huchanganywa katika vitabu vya sayansi, na hata katika mazungumzo ya wataalamu. Makala haya hayakusudii kuyapambanua yote matatu. Yanakusudia kulieleza lile la pili tu, na kuonyesha jinsi kani zinavyotawala mwendo wa vitu zinapokuwa sawa na zinapozidiana. Mifano yetu tumeitoa katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa kuwa huko, mwezi wa Desemba 2023, watu waliyaona mambo haya kwa macho yao, na wengine hawakuokoka.

Yatupasa kwanza kulitazama neno lenyewe. Katika Kiswahili cha zamani kani ni nguvu na ushupavu pamoja. Mtu wa kani ni mtu mkaidi asiyeondoleka katika jambo lake, na kushika kani ni kukataa kusogea. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ililichukua neno hili kwa maana ya kifizikia, na kwa maoni yetu uteuzi huo ulikuwa mzuri kuliko walivyodhani wengi. Kwani katika fizikia kani si ile isukumayo tu. Hata ikataayo ni kani. Ardhi inayolizuia jiwe lisididimie yatoa kani, ijapokuwa haionekani kufanya kazi yoyote. Neno nguvu halina maana hiyo ya ukaidi, na mwanafunzi akifundishwa kwalo huona taabu kusadiki kwamba meza iliyotulia inakisukuma kitabu kwenda juu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Isaac Newton aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1687: kitu hubaki katika hali yake, ikiwa ni kutulia au kwenda kwa mwendo ule ule katika mstari ulionyoka, mpaka kani isiyosawazishwa na nyingine ikibadilishe. Tazama kwamba hali hizo ni mbili. Hapa ndipo maelezo mengi ya Kiswahili yanapokosea. Twasoma mara kwa mara kwamba kani zikiwa sawa kitu hutulia. La, si lazima kitulie. Kisichobadilika ni mwendo wake. Kama kilikuwa kimetulia kitaendelea kutulia, na kama kilikuwa kikienda kitaendelea kwenda.

Wakulima wa Mbulu hulima kwa plau likokotwalo na maksai. Maksai wanapoanza, hapana budi wavute kwa kani iliyozidi ukaidi wa udongo, nalo plau hutoka katika utulivu, likaongeza mwendo. Likishapata mwendo wake wa kawaida, maksai huvuta kwa kani iliyo sawa kabisa na ile ya udongo unaokatwa. Hakuna ziada, na plau linakwenda. Maksai wakizidisha kuvuta, litakwenda mbio zaidi. Wakikutana na mzizi, ukaidi utazidi, na plau litapunguza mwendo au litasimama. Mkulima ayajua haya yote bila ya kuyaita kwa jina, na nadhani mwalimu angefanya vyema kuanzia hapo kuliko kuanzia na yale magari ya kuchezea yaliyochorwa katika vitabu vya kigeni.

Mkimbiaji naye ni hivyo hivyo. John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu aliyekimbia mbio ndefu za Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968, akaanguka na kuumia goti, kisha akaendelea mpaka mwisho, anakumbukwa kwa ustahimilivu wake. Fizikia yatufundisha jambo dogo zaidi, kwamba mkimbiaji akikwazwa miguuni, miguu husimamishwa ilhali kiwiliwili hakijapata kani ya kukizuia, nacho chaendelea na safari yake.

Sasa tuuendee mlima. Jiwe lililokaa juu ya mteremko laonekana kama halina habari na kani yoyote, kumbe liko katika shindano lisilokatika. Tuchukue mfano wa kutungwa: jiwe lenye tungamo la kilo 100 juu ya mteremko wa nyuzi 30. Dunia hulivuta kwenda chini kwa kani ya nyutoni 980 hivi. Kani hiyo hugawanyika sehemu mbili: nyutoni 490 hulivuta kuufuata mteremko, na nyutoni 849 huligandamiza juu ya ardhi. Mgandamizo huo ndio uzaao msuguano. Ikiwa msuguano waweza kufika sehemu saba katika kumi za mgandamizo, basi upeo wake ni nyutoni 594, nao watosha kulizuia jiwe. Hautumiki wote, hutumika nyutoni 490 tu, kadiri ile ile ya mvuto, na zilizobaki ni akiba.

Mvua ikinyesha sana, maji hujaa katika vinyweleo vya udongo, yakaanza kubeba sehemu ya mzigo. Watu wengi husema kwamba maji hulainisha udongo, kama mafuta yalainishavyo mhimili. Kauli hiyo si uwongo, lakini yaacha lililo kubwa zaidi, nalo ni kwamba maji husukuma kwenda juu na kupunguza mgandamizo. Yakipunguza nyutoni 250 katika mfano wetu, mgandamizo hushuka hadi 599, na upeo wa msuguano hadi 419. Mvuto bado ni ule ule 490. Akiba imekwisha, na ziada ya nyutoni 71 imebaki upande wa kwenda chini. Ziada hiyo yaonekana ndogo. Lakini ni kani isiyosawazika, na kazi ya kani isiyosawazika ni kuongeza mwendo kila sekunde. Baada ya sekunde 10 jiwe letu litakuwa likienda mita 7 kwa sekunde, yaani kilometa 25 kwa saa, na bado laongeza.

Mlima Hanang una kimo cha zaidi ya mita 3,400, nao mji wa Katesh umekaa chini yake. Mvua kubwa ilinyesha mlimani, na tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu, iliyokwisha kunyonya maji mengi, ilimeguka. Ikateremka kuwa tope lililochukua mawe na magogo, likaingia Katesh na sehemu za jirani, zikiwamo Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Hanang ni mlima wa volkano ya kale, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu walidhani kwamba umelipuka. Haikuwa volkano. Hapakuwa na kani mpya iliyozaliwa tumboni mwa mlima. Mvuto ulioyashusha mawe yale ulikuwapo miaka yote, ukisawazishwa. Kilichoondoka ni kilichokuwa kikiuzuia.

Tope lilipofika mahali palipo tambarare, mvuto wa kuufuata mteremko ulipungua, na msuguano ukauzidi. Hiyo nayo ni kani isiyosawazika, ila imeelekea upande wa pili, na kwa hiyo ilipunguza mwendo mpaka mawe yakasimama. Twalitaja hili kwa makusudi, maana wako wanafunzi wanaofikiri kwamba kani isiyosawazika huanzisha mwendo tu.

Kuhusu istilahi, waandishi wengine hupenda urari badala ya usawazo. Urari ni neno zuri la wafanyabiashara na lastahili kuhifadhiwa, lakini hatuoni kitenzi chake chepesi, ilhali sawazika chatupa kani zilizosawazika na zisizosawazika bila ya taabu. Neno utulivu, kwa sababu tulizozitaja, lingeachwa kabisa katika maelezo ya kanuni hii.

Katika nyanda za juu za Mbulu, upande wa Kainam, Wairaqw wamelima miteremko mikali kwa vizazi vingi. Huchimba mifereji ya kuyaongoza maji na kujenga makinga ya udongo. Mkulima huyo hawezi kupunguza uzito wa kilima, wala ukali wa mteremko hawezi kuubadilisha sana. Awezacho ni kuyatoa maji kabla hayajaanza kuubeba udongo, ili mgandamizo ubaki, na msuguano ubaki pamoja nao.