Maji Yanayokata Chuma

Sisi maseremala na maji hatuivi chungu kimoja: yanavimbisha mbao na kupinda milango. Lakini mtu anayetajwa sana kuanzisha ukataji kwa maji, Norman Franz, alikuwa mtaalamu wa misitu. Miaka ya 1950 alitaka kupasua magogo kwa maji.

Pampu husukuma maji kwa presha ya takriban bar 4,000; tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Maji hayo hutokea kwenye kitundu chembamba kilichotobolewa katika yakuti au almasi. Maji matupu hukata sponji, mpira na karatasi. Kwa chuma na marumaru huongezwa mchanga wa ganeti, ubunifu wa mhandisi Mohamed Hashish mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kwa ubao ulionyooka, msumeno wangu unatosha, tena kwa bei nafuu. Raha ya mashine ya maji ni njumu. Kompyuta inakata nyota ya shaba, kisha tundu lake kwenye mpingo. Vinaingiana barabara, bila moto wala alama za kuungua. Plaiwudi ndiyo korofi: maji yakitoboa katikati, tabaka huachana. Toboa kwanza kwa keekee, au anzia ukingoni. Ukimaliza futa haraka, anika kivulini, nyuzi zikisimama piga msasa.

Kioo cha kawaida kinakatika vizuri. Kile kilichoimarishwa kwa joto, kama cha mlango wa gari, usikipeleke. Kitapasuka vipande vipande.