Chawa wa kichwa kwa mtoto wa shule: tumia kitana, usiguse dawa ya mikorosho



Katika moja ya ziara zetu huko Chilangala, wilayani Newala, tulikaa na kina mama chini ya mkorosho tukizungumzia afya ya watoto. Mkutano ulipokwisha, mama mmoja alisubiri wenzake waondoke, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini. Binti yake wa darasa la tatu alikuwa na chawa. Wiki nzima hakwenda shule kwa kuogopa kuchekwa. Jirani alikuwa amemshauri ampake dawa ya maji ya kupulizia mikorosho iliyobaki msimu uliopita. Je, ampake kiasi gani?

Tulimjibu kwamba hata tone moja lisiguse kichwa cha mtoto. Tunaamini swali lile si la mama huyo peke yake, ndiyo maana tunalieleza hapa.

Chawa ni mdudu gani?

Chawa wa kichwa ana ukubwa wa punje ya ufuta. Hana mabawa na haruki kama kiroboto, hutambaa tu. Huishi kwa kunyonya damu kichwani, na akianguka nje ya kichwa hufa kwa njaa ndani ya siku moja au mbili. Jike hutaga mayai kadhaa kila siku na kuyagandisha kwenye unywele, karibu na ngozi. Mayai huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10, na chawa mchanga naye huanza kutaga baada ya siku kama 10 nyingine. Tukumbuke siku hizi, kwa maana ndizo zinazotupangia kazi.

Chawa huhama kichwa kinapogusana na kichwa: watoto wanapolala mkeka mmoja, wanapocheza, au wanaposukana. Mara chache huhamia kwa kitana, kofia au mtandio wa kuazimana. Kwa hiyo chawa si dalili ya uchafu wala ya uzembe wa mama. Kichwa kilichooshwa leo kinaweza kupata chawa kesho. Tena, chawa wa kichwa hawaenezi homa wala ugonjwa mwingine. Wanaleta mwasho, usingizi mbaya na aibu, lakini hawaui.

Dawa za shambani ndizo zinazoua

Katika nyanda za Makonde karibu kila kaya ina mikorosho, na dawa za ubwiriubwiri na wadudu huwekwa nyumbani. Nyingi za dawa za wadudu hushambulia mishipa ya fahamu. Mdudu hufa kwa sababu hiyo, na mtoto naye anaweza kufa kwa sababu hiyo hiyo. Ngozi ya kichwa hupitisha sumu kwa urahisi, hasa ikiwa na michubuko ya kujikuna, na mwili wa mtoto ni mdogo. Salfa ya unga nayo huwasha macho na kifua. Si dawa ya kichwa.

Mafuta ya taa pia tuyaache. Yanaunguza ngozi, na mtoto mwenye nywele zilizolowa mafuta ya taa akikaribia koroboi au jiko anaweza kushika moto.

Ikiwa mtoto amekwisha kupakwa dawa ya shambani, mvue nguo na umwoshe mara moja kwa maji mengi na sabuni, nawe ukijikinga mikono. Mpeleke kituo cha afya bila kungoja dalili, na uchukue chupa au kifungashio cha dawa ili mganga aone jina lake. Dalili za hatari ni kutokwa na mate au jasho jingi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo sana, kupumua kwa shida na degedege.

Hakikisha kwanza ni chawa

Mkalishe mtoto juani. Pekua nyuma ya masikio na kisogoni. Mba hupeperuka ukipuliza. Yai la chawa limeganda na halitoki mpaka ulivute kwa kucha. Ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, hayo huenda ni mapunye, ambayo huletwa na kuvu. Mapunye hutibiwa kwa dawa za zahanati, si kwa kitana.

Hatua za kufanya nyumbani

1. Kunyoa ndiyo njia ya haraka. Mayai hutoka pamoja na nywele. Kila mtoto awe na wembe wake mpya. Wembe wa kuchangia unaweza kuleta virusi vya ukimwi na homa ya ini. Binti aelezwe kwanza na akubali, asinyolewe mbele za watu kama adhabu.

2. Asiyenyolewa achanwe. Fumua misuko yote. Paka mafuta ya nazi au ya kupikia mpaka nywele zilainike. Chawa hupunguza mwendo na kitana hupita. Gawa nywele mafungu madogo, chana kila fungu kuanzia kwenye ngozi kwa kitana chenye meno yaliyobanana, na ufute kitana kwenye kitambaa cheupe kila mara.

3. Rudia kila baada ya siku 2 au 3, kwa wiki 2 hadi 3. Wengi hushindwa hapa. Chawa wakubwa wakiisha siku ya kwanza, mayai bado yapo, na ukiacha kuchana utaanza upya.

4. Ukihitaji dawa, muulize mhudumu wa zahanati au wa duka la dawa kuhusu losheni ya pamethrini ya kichwa. Fuata maelezo yake, na urudie siku ya 9 hivi, mayai yakiwa yameanguliwa.

5. Usimalize maji ya nyumba. Tunajua ndoo moja ya maji ina thamani gani huku juu, ambako maji husukumwa kutoka mabondeni kama Mitema. Hakuna haja ya kufua kila kitu. Mitandio, kofia na foronya alizotumia mtoto zifungwe kwenye mfuko kwa siku 3. Chawa watakufa kwa njaa.

Mpeleke zahanati akiwa na vidonda vyenye usaha, tezi za shingo zilizovimba au homa.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Mkague kila anayelala na mtoto, na wote wenye chawa watibiwe siku moja. Waambie majirani ambao watoto wao hucheza naye. Walimu nao wasimwambie mtoto abaki nyumbani: chawa walikuwapo kichwani siku nyingi kabla hawajaonekana, na masomo aliyokosa hayarudi kwa kuchana nywele.

Mama yule tulimwonyesha kuchana palepale, kwa mafuta kidogo na kitana. Dawa ya mikorosho tulimwomba aifungie mahali ambapo watoto hawafiki. Nawe msomaji, leo jioni angalia yako umeiweka wapi.